Ramani shirikishi: nini maana yake, na inasaidiaje maafa yanapotokea?

Ukipiga 999 usiku kutoka Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, moto ukiwa umeshashika mabati ya jirani, utaulizwa uko wapi. Jibu la kweli huwa refu: shukia steji, ingia kichochoro cha pale kwa kinyozi, pita choo cha kulipia, ukifika kwa mama mboga uliza. Mtu wa mtaa ataelewa mara moja. Dereva wa zimamoto anayetoka upande mwingine wa jiji hatajua aanzie wapi, kwa sababu ploti haina namba, kichochoro hakina jina lililoandikwa popote, na ramani aliyo nayo inaweza kuwa inamwonyesha barabara kuu tu na eneo tupu nyuma yake.

Ramani shirikishi ni ramani inayochorwa na watu wengi, kila mmoja akiongeza anachokijua, ili eneo kama hilo lisibaki tupu. Mchoraji si lazima awe mpima ardhi. Anaweza kuwa mwanafunzi wa chuo, mhamasishaji wa afya wa mtaani, au mtu aliye bara jingine anayefuatisha paa za nyumba kwenye picha ya satelaiti. Wote wanachora ramani moja, iliyo wazi kwa yeyote kuitumia na kuirekebisha.

Kwenye maafa kazi hii ni ya aina mbili, na hazifai kuchanganywa. Ipo ramani ya msingi: njia, vivuko, mitaro, zahanati, mabomba ya maji, yaani vitu vilivyopo kabla ya tukio. Na ipo ramani ya matukio: taarifa zinazotumwa na watu wakati jambo linatokea, kila moja ikiwekwa alama mahali ilipotoka. Hapa maji yamefunga njia, pale kuna watu juu ya paa, kanisa lile limefunguliwa kupokea waliohama.

Hii ya pili ina mizizi Nairobi. Mapema Januari 2008, Kenya ikiwa katikati ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, mwanasheria Ory Okolloh alitoa wito kwa mafundi wa kompyuta watengeneze ramani ya kuonyesha yanayotokea na yanatokea wapi. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia ni miongoni mwa walioitikia, na ndani ya siku chache programu ya ramani hiyo, Ushahidi, ikawa hewani. Mtu aliweza kutuma taarifa kwa ujumbe mfupi wa simu au kwa intaneti, nayo ikaonekana kwenye ramani. Miaka miwili baadaye, tetemeko la tarehe 12 Januari 2010 lilipoiangusha Port-au-Prince, programu hiyohiyo ilitumika Haiti. Watu walituma ujumbe kwa namba 4636, Wahaiti walioko ng'ambo wakautafsiri kutoka Krioli, na wajitoleaji wakatafuta kila ujumbe umetoka wapi.

Hadithi ya Haiti husimuliwa sana, lakini nusu yake husahaulika. Ujumbe unaosema mtu amenaswa katika mtaa fulani hauna faida kama mtaa huo haumo kwenye ramani. Siku hizohizo, wachoraji wa OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, walikuwa wakifuatisha picha mpya za satelaiti na kuchora barabara za mji huo moja baada ya nyingine. Waokoaji walipata pa kuweka zile alama kwa sababu kuna watu waliokesha wakichora vichochoro. Kwa maoni yangu ramani ya msingi ndiyo kazi kubwa zaidi, ingawa sifa huenda kwa alama nyekundu zinazowaka kwenye skrini.

Tena Haiti walichora baada ya janga kwa kukosa namna nyingine. Kibera walitangulia. Mwaka 2009 mradi wa Map Kibera, ulioanzishwa na Erica Hagen na Mikel Maron, uliwapa vijana wa Kibera vifaa vya GPS, wakatembea vijiji vyao wakirekodi njia, zahanati, shule, vyoo na sehemu za maji. Kabla ya hapo, mtaa mkubwa kiasi hicho ulikuwa karibu doa tupu kwenye ramani za mtandaoni. Baadaye kazi ikaenea hadi Mathare. Dar es Salaam nao, mwaka 2015, walianzisha Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wakazi wakachora kata zinazofurika mvua zikinyesha.

Kwa nini watembee kwa miguu wakati satelaiti ipo? Mtu akiwa juu angani anaona paa. Katika Mukuru au Mathare mabati yameungana, hivyo nyumba kumi huonekana kama moja. Satelaiti haikuonyeshi mlango uko upande gani, kichochoro kina upana gani, au kwamba njia iliyo wazi mchana hufungwa kwa geti saa nne usiku. Kwa hiyo kazi hugawanywa: walio mbali wanachora maumbo, programu ikiwa imeligawa eneo katika miraba ili wasirudie kazi ya wenzao, halafu mtu mwingine anakagua. Wenyeji ndio hutia majina na kuongeza yasiyoonekana. Wengine hutumia simu, wengine huchapisha ramani kwenye karatasi na kuichora kwa kalamu wakiwa wanatembea, jambo linalofaa sana pale ambapo kutoa simu barabarani ni kuialika iporwe.

Ni vitu gani hasa vya kuchora kwa ajili ya maafa? Hapa ndipo mwenyeji anapomshinda mtaalamu. Kwa moto, cha muhimu ni gari la zimamoto litaishia wapi, kutoka hapo mpira wa maji utavutwa umbali gani, na maji yatajazwa wapi yakiisha. Kwa mafuriko, ni kivuko kipi husombwa kwanza na maji yalifika wapi mara ya mwisho. Mama aliyeishi kando ya mto miaka ishirini atakuonyesha alama ukutani, kwenye goti au kiunoni. Mitaro nayo isidharauliwe. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba iliingia mtaroni ikalipuka Sinai, Mukuru, na takriban watu 100 walikufa. Ramani yenye mitaro inaonyesha kitu kilichomwagika kitaelekea wapi. Ramani ya barabara peke yake haiwezi.

Ramani ya matukio ina taabu zake. Uvumi huenda mbio, na picha ya mafuriko ya mwaka juzi hurudi kila masika kwenye makundi ya WhatsApp kana kwamba ni ya jana. Ndiyo maana lazima pawe na watu wa kuhakiki: taarifa ngapi zimetoka sehemu ileile, nani aliye karibu anaweza kupigiwa simu, picha hiyo imewahi kuonekana kabla? Aliyetuma naye alindwe. Katika ghasia, alama inayoangukia juu ya nyumba ya mtoa taarifa inaweza kumponza. Na lazima ijulikane mapema nani atakayeisoma ramani na kuchukua hatua, awe ni Msalaba Mwekundu, ambao hupokea simu kwa 1199, kituo cha zimamoto cha kaunti, au kikundi cha vijana wa mtaa chenye kamba na makoleo. Nimeona ramani nzuri zisizo na msomaji. Hizo hugeuka kuwa daftari la malalamiko.

Kuna hofu nyingine, nayo ina msingi. Wakati wa mafuriko ya Machi hadi Mei 2024, yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini, serikali iliwaamuru walio kandokando ya mito wahame, na matingatinga yakabomoa nyumba Mathare na Mukuru. Miaka mitatu kabla, nyumba za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa kupisha barabara. Mkazi anayekumbuka hayo akimwona kijana na simu akipima umbali kutoka mtoni hadi mlangoni pake, ana haki ya kuuliza data hiyo inakwenda wapi. Ramani ya walio hatarini ni ileile inayoweza kutumiwa na anayetaka kuwaondoa. Mashirika ya wakazi kama Muungano wa Wanavijiji yamekuwa yakihesabu na kuchora mitaa yao wenyewe kwa lengo la kinyume: kazi ya namna hiyo ilichangia Mukuru kutangazwa eneo maalumu la mipango na Kaunti ya Nairobi mwaka 2017. Vikundi vyenye busara hukaa na wakazi kwanza, vikaamua kipi kitaonekana kwa wote na kipi kitabaki kwa wazee wa kijiji. Majina ya watu na idadi ya waliomo ndani ya nyumba hayana sababu ya kuwa kwenye ramani ya wazi.

Ramani pia huzeeka, na mtaa wa mabati huzeesha ramani haraka kuliko mtaa wa maghorofa kama Kilimani. Moto ukipita leo, wiki ijayo watu wamejenga upya na kichochoro kimesogea. Ukitaka kujua mtaa wako una hali gani, fungua OpenStreetMap, sogeza karibu hadi uone nyumba, kisha tafuta kivuko unachotumia kila siku na zahanati iliyo karibu. Kama havipo, akaunti ya kuhariri ni bure. Ukiwa unatumia ramani uliyopakua kwenye simu kwa siku ambazo mtandao unapotea, kumbuka kuipakua upya kabla ya Machi, masika yakiwa bado hayajaanza.