Elimu bila ada haikumwondoa mzazi shuleni

Tangu Januari 2016, Tanzania ilipoanza kutoa elimu bila ada hadi kidato cha nne, wengi wanaamini kwamba mtoto sasa ni wa Serikali na mzazi hana tena la kufanya shuleni. Si kweli. Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 ulimwachia mzazi sare, madaftari, kalamu na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Kamati za shule za msingi nazo zina wajumbe wanaotoka miongoni mwa wazazi.

Lakini lawama isiishie kwa wazazi. Shule nyingi humwita mzazi pale tu mchango unapotakiwa au mtoto anapokosa, tena asubuhi ya siku ya kazi, msimu wa palizi. Nani atakimbilia wito wa namna hiyo? Mwalimu akiweka kikao Jumamosi jioni, akamfungulia mama daftari la hesabu, akamwonyesha palipo na alama ya vema na mahali mwanawe anapokwama kwenye kugawanya, mama huyo atarudi. Hata asiyejua kusoma anaweza kuuliza kila jioni: “Leo mmefundishwa nini? Hebu nieleze.”