Ada za karani wa mahakama zikipanda, anayelipa ni nani?

Kwetu Afrika Mashariki ukisema karani wa mahakama, watu humwona yule wa dirishani, anayepokea majalada na kugonga mihuri. Katika jimbo la Florida, Marekani, karani ni kiongozi. Wapiga kura wa kaunti humchagua kwa miaka minne, na cheo chake kimo ndani ya Katiba ya jimbo. Chini yake wapo wafanyakazi wanaotunza majalada ya kesi, kukusanya faini na kusajili hati za ardhi. Kwa hiyo msomaji aliyehamia huko akisikia kwamba bunge la jimbo, huko mji mkuu Tallahassee, limepandisha ada za karani, asidhani kuna mtu ameongezewa posho.

Ingawa zamani posho zilikuwepo kweli. Maofisa wengi wa mahakama za Marekani waliishi kwa ada walizotoza, si kwa mshahara. Katika mji mmoja wa Ohio meya aliyeketi kama hakimu alipata dola 12 zake mwenyewe kwa kumtia mshtakiwa mmoja hatiani. Angemwachia, asingepata kitu. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Tumey, mshtakiwa huyo, ilisema hiyo si haki. Mishahara ilikuja, lakini ada hazikuondoka. Zilibadili mfuko tu.

Florida ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1998 wapiga kura walikubali kurekebisha Katiba yao, na ilipofika Julai 2004 mfumo mpya ukawa umeanza: majaji na waendesha mashtaka walipwe na hazina ya jimbo, ila ofisi za makarani, kwa kazi zake za mahakama, zijiendeshe kwa ada za kufungua kesi, tozo na gharama. Maana yake ni kwamba ofisi hula kwa ugomvi wa watu. Kesi zikipungua, wafanyakazi nao hupunguzwa, hata kama majalada ya zamani bado yamejaa makabatini.

Mwaka 2009 ukaonyesha jambo hili waziwazi. Uchumi ulikuwa umeanguka, na mabenki yalikuwa yakifungua kesi kwa wingi ili kutwaa nyumba za walioshindwa kulipa mikopo. Bunge likaweka ada za ngazi kwa kesi hizo: dola 395 kwa dai lisilozidi dola 50,000, dola 900 kwa dai lililozidi hapo lakini chini ya 250,000, na dola 1,900 kuanzia 250,000. Kwa macho ni benki inayolipa. Lakini mikataba ya mikopo huiruhusu benki kumdai mkopaji gharama za kesi, kwa hiyo ada ile iliishia kwenye deni la mwenye nyumba aliyekwisha kuishiwa. Wimbi la kesi hizo lilipotulia, mapato ya makarani yakashuka nalo. Kwa maoni yangu hilo halikuhitaji mtabiri.

Basi asiye na pesa afanye nini? Mwaka 1971, katika kesi ya Boddie iliyotoka jimbo la Connecticut, Mahakama ya Juu iliamua kwamba jimbo haliwezi kumnyima fukara talaka kwa sababu tu hana ada. Miaka miwili baadaye ilikataa kuupanua mlango huo kwa mtu aliyetaka kutangazwa muflisi lakini hana dola 50. Kwa hiyo usitegemee kanuni moja inayofunika kila kesi. Tazama sheria ya jimbo lako.

Florida mwombaji hujaza fomu ya kutokuwa na uwezo katika shauri la madai, na kipimo ni kipato kisichozidi asilimia 200 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu. Karani ndiye anayepima. Akikataa, unaweza kuomba jaji aipitie upya. Angalizo: mara nyingi unachopata ni kutolipa kwanza, si kufutiwa, na deni huweza kupangiwa malipo ya awamu. Anayeomba amri ya kulindwa dhidi ya ukatili wa nyumbani hatozwi ada ya kufungua kabisa, wala asikubali kuambiwa vinginevyo dirishani.

Wapangaji ndio wanaosahauliwa zaidi. Mwenye nyumba hulipa dola 180 au zaidi kidogo kufungua kesi ya kukutoa. Wewe kujibu hulipi ada ya kufungua. Lakini isipokuwa unajitetea kwamba umeshalipa, unatakiwa ndani ya siku tano za kazi uweke kodi inayodaiwa kwa karani, au uombe mahakama ikadirie kiasi chake, la sivyo utetezi wako hausikilizwi. Na karani hutoza kwa kupokea fedha hizo: asilimia 3 ya dola 500 za kwanza, asilimia 1.5 ya zinazobaki. Kodi ikiwa dola 1,500, nenda na 1,530.