Dini na Hifadhi ya Jamii: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, swali la nani amlipie nani matibabu limezagaa Dar es Salaam, ndani ya daladala za Mbagala na kwenye vijiwe vya Kariakoo. Mjadala ukikolea, dini haikosi kutajwa. Mara nyingi hubebeshwa sifa isiyo yake, na ile iliyo yake ikaachwa.

Dhana: Hifadhi ya jamii ni sadaka iliyochukuliwa na serikali.

Sadaka humtegemea mtoaji; mafao ya hifadhi ya jamii, kama pensheni na bima ya matibabu, mtu huyadai kama haki yake. Ujerumani ilianzisha bima ya lazima ya ugonjwa mwaka 1883, ya ajali kazini 1884, ya uzee na ulemavu 1889. Kansela Bismarck hakusukumwa na huruma ya kidini. Aliwahofia wasoshalisti waliokuwa wakiwavuta wafanyakazi wa viwandani.

Dini iliingia kwa njia ya ugomvi. Katika miaka ya 1870 Bismarck alipambana vikali na Kanisa Katoliki, hata Wajesuiti, shirika la watawa wa Kikatoliki, wakapigwa marufuku, na Wakatoliki wakajipanga kisiasa katika chama cha Zentrum. Chama hicho hakikuwa tayari kuona dola iliyowaandama ikishika pia fuko la wagonjwa na majeruhi. Kwenye bima ya ajali kilipinga ruzuku ya dola na chombo kimoja cha dola. Ndipo ukakomaa mfumo wa michango: bima ya ugonjwa ikasimamiwa na waajiri na wafanyakazi, ya ajali na waajiri peke yao. Waraka wa Papa Leo XIII wa mwaka 1891, Rerum Novarum, uliotetea ujira wa haki na vyama vya wafanyakazi, ulikuta bima hizo zimeshasimama.

Jambo hili linatuhusu kwa sababu mfumo huo wa michango tunao. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hukusanya asilimia 20 ya mshahara, kutoka kwa mwajiri na mfanyakazi. Mamantilie wa Tandale na dereva bodaboda wa Gongo la Mboto hawana mwajiri wa kuwachangia. Kuwaambia hawana moyo wa kujiwekea akiba ni kuwaonea. Mfumo wa namna hiyo ulijengwa ukimtazama mwenye ajira.

Dhana: Skandinavia ina huduma bora kwa sababu watu wake waliacha dini.

Waliziacha ibada baada ya msingi kuwekwa. Mwaka 1523, kwa ushauri wa Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa, mji wa Leisnig huko Saxony, Ujerumani, uliandaa sanduku la pamoja: mali za kanisa ziwatunze maskini, zimlipe mchungaji na mwalimu. Denmark na Sweden zilipoingia Ulutheri, mfalme alitwaa mali za monasteri, kanisa likawa mkono wa serikali, na kutunza maskini kukawa wajibu wa usharika kisheria. Serikali ilipokuja kutoza kodi kwa ajili ya wazee, hapakuwa na kanisa kubwa lililojitenga nayo la kuipinga. Denmark ilianza pensheni ya wazee maskini mwaka 1891 kwa fedha za kodi, na Sweden ikafuata mwaka 1913 kwa pensheni ya wananchi karibu wote.

Dhana: Zaka ni siri ya mtu na Mola wake.

Surat At-Tawba, aya ya 60, inataja makundi manane ya wapokeaji, wakiwemo wenye madeni, wasafiri na wanaoikusanya zaka yenyewe. Kutaja wakusanyaji tayari ni kuzungumzia utawala. Pakistan iliifanya ya lazima mwaka 1980, ikikatwa asilimia 2.5 kwenye akaunti za benki. Hata nje ya zaka, utoaji wa Waislamu umejenga huduma za umma: hapa kwetu, Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Mwismailia wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, alitoa mali yake kwa ajili ya hospitali, na jina lake lipo Muhimbili hadi leo. Na kwa njia ya serikali, si zaka, Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wenye miaka 70 na zaidi, bila kuangalia dini wala michango.

Dhana: Hospitali za misheni ni za waumini wao.

Bugando ya Mwanza ilijengwa na Wakatoliki, ikataifishwa mwaka 1972, ikarudishwa kwa maaskofu mwaka 1985 kwa makubaliano ya kuiendesha pamoja na serikali. Hospitali teule za wilaya nyingi ni za makanisa, nazo hupokea ruzuku ya serikali. Kodi ya Muislamu wa Temeke imo kwenye mishahara ya wauguzi wa hospitali hizo.