Zege la Kirumi ni nini?

Zege la Kirumi ni mchanganyiko wa chokaa, jivu la volkano na mawe, uliojengewa kuta, matao, makuba na magati ya Dola ya Roma. Ndani yake hamna saruji ya kiwandani wala nondo. Kwa Kilatini liliitwa opus caementicium, na caementa ni yale mawe yaliyovunjwavunjwa. Neno hilo ndilo lililozaa "simenti", ila maana imehama kutoka kwenye mawe hadi kwenye unga.

Chokaa watu wa pwani yetu wanaijua: matumbawe yanachomwa, yanazimuliwa kwa maji, kisha nyumba inajengwa. Lakini chokaa tupu hukauka kwa kuvuta kaboni dioksidi hewani, polepole, na ikizamishwa majini haishiki. Warumi waliichanganya na jivu la Pozzuoli, karibu na Napoli, lenye madini ya silika na alumina kwa wingi. Vitu hivyo vikikutana na chokaa na maji huungana kuwa gundi ngumu kama jiwe, hata chini ya bahari. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi aliyeandika katika karne ya 1 kabla ya Kristo, ametaja vipimo: chokaa 1 kwa mchanga wa kuchimbwa 3 kwa majengo ya nchi kavu, chokaa 1 kwa jivu 2 kwa kazi za baharini. Herode alipojenga bandari ya Kaisaria, jivu lililetwa kwa meli kutoka Italia.

Zege hilo halikumwagwa kama letu. Lilikuwa zito, na fundi alilipanga kwa tabaka: rojo ya chokaa na jivu, mawe, rojo, mawe, huku akishindilia, katikati ya kuta mbili nyembamba za matofali zilizobaki hapohapo.

Ustadi wenyewe, kwa maoni yangu, unaonekana kwenye kuba la hekalu la Pantheon mjini Roma, lililojengwa miaka ya 120 baada ya Kristo, wakati wa Kaizari Hadrian. Upana wake ni mita 43 na ushei. Bila nondo, zege hubeba mgandamizo vizuri lakini likivutwa hupasuka, kwa hiyo uzito ulipaswa kupungua kadiri unavyopanda. Mafundi walichagua mawe kwa kimo: chini mazito, juu zaidi vipande vya matofali na mawe mepesi, na kileleni jiwe la povu la volkano, ambalo ukiliweka majini huelea. Unene nao unashuka kutoka mita 6 hivi chini hadi kama mita 1.2 kwenye tundu la juu. Nyufa za wima zipo, zimepimwa, na kuba bado limesimama.

Ndani ya zege hilo kuna pia punje nyeupe za chokaa. Zamani zilidhaniwa ni uzembe wa kuchanganya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba ufa ukipita hapo na maji yakaingia, chokaa huyeyuka kidogo, ikaganda tena na kuuziba.

Jivu la namna hiyo bado linatumika. Kwenye mfuko wa saruji ulioandikwa CEM IV, herufi P ndani ya mabano inamaanisha pozolana asilia, jina lililotokana na Pozzuoli.