Namba zipo, na Q haina kazi

Kila anayeingia kwenye kibanda changu hapa Kirumba na kuiona kibodi ya vitufe 36 mezani anatoa hukumu ileile: “Fundi, hii si ya kuchezea? Namba ziko wapi?” Safari hii kauli imetoka kwa kijana wa stesheneri, mtu anayeshinda kwenye kibodi kutwa, nikaona bora niandike.

Namba zipo. Shikilia kitufe cha dole gumba la kushoto, tabaka la pili linafunguka, yaani vitufe vilevile vinapewa kazi nyingine: U I O zinakuwa 7 8 9, J K L zinakuwa 4 5 6, M na majirani zake wawili wa kulia 1 2 3. Mkono haujasogea. Vitufe 6 ni vya madole gumba. 30 vilivyobaki kwa matabaka matatu ni nafasi 90, na shifti bado hatujaihesabu.

Waya ni mistari 4 ya kulala na 10 ya kusimama, yaani pini 14 za Pro Micro, kibao kidogo ambacho ndicho ubongo wa kibodi, na daiodi 1N4148 (inapitisha umeme upande mmoja tu) kwa kila swichi, zote zikielekea upande mmoja. Ukiziruka, bonyeza vitufe vitatu vya pembe za mstatili uone cha nne kikijiandika chenyewe. Usinipigie simu.

Kinachonikera zaidi ni watu kupakua mpangilio wa Kiingereza na kuuflashi, yaani kuupakia kwenye kibodi, kama ulivyo. Kwenye kibodi ya vitufe 42, alama ya ' ina kitufe chake pembeni kulia. Ukishuka hadi 36, pembeni hakuna tena, ' inasukumwa kwenye tabaka. Sasa andika ng'ombe, king'amuzi, au majina ya kwetu Usukumani kama Ng'wandu, halafu uniambie dole gumba linajisikiaje. Wakati huohuo Q imekalia kona ya juu kushoto bure kabisa. Kiswahili sanifu hakina Q. Mimi nimempa ' kona hiyo, Q ikaenda tabakani kusubiri nywila. X nayo hatuna, lakini bila Ctrl+X utakata maandishi kwa nini? Ibaki.

Wajanja huniambia niweke kombo: N na G zikibonyezwa pamoja zitoe ng'. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini nguo, ngoma na mwanga havina ', na vidole vya mchapaji mwepesi hupandana. QMK, programu inayoendesha kibodi, kwa kawaida huhesabu vitufe viwili vilivyofuatana ndani ya milisekunde 50 kuwa kombo. Barua ya mteja itatoka imejaa ng'uo.

A ndiyo inayonikosesha msimamo. Hakuna herufi tunayoitumia kuizidi, na QWERTY, mpangilio wa kibodi za kawaida, imeitupia kidole kidogo cha kushoto. Haki yake ni kuhamia kidole chenye nguvu, ila nikiihamisha, nikikaa kwenye kompyuta ya mtu mwingine nitaandika upuuzi. Kwa hiyo nimeiacha, na bado sijaridhika.

Anayetaka faili la mpangilio wangu aje na flashi, natoa bure. Swichi atanunua mwenyewe.