Kufutwa kwenye bima si ushahidi kwamba hukustahili

Wengi huamini kwamba mtu akiondolewa kwenye bima ya afya ya umma, basi kipato chake kimepanda na hana haja nayo tena. Yaliyotokea Marekani yanaonyesha vingine.

Machi 2020, korona ilipoanza kutikisa nchi, Bunge la huko liliongeza mchango wa serikali kuu kwa Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini, kwa pointi 6.2 za asilimia. Sharti lilikuwa moja: jimbo linalopokea fedha hizo lisimfute karibu mwanachama yeyote mpaka dharura iishe. Kinga hiyo ilikoma tarehe 31 Machi 2023, na uhakiki wa nani bado anastahili ukarudi.

Zaidi ya watu milioni 25 waliondolewa. Takribani saba kati ya kila kumi hawakuwahi kuthibitishwa kwamba hawastahili. Fomu haikurudishwa kwa wakati, au barua ilikwenda kwenye anwani ya zamani, na mgonjwa wa kisukari akaja kujua habari hiyo dirishani, anapochukua dawa. Hilo linaniuma. Kuna majimbo ambayo kompyuta zake zilipima familia nzima kwa pamoja badala ya kila mtu peke yake, hata watoto wenye haki wakafutwa pale fomu ya familia isiporudishwa. Septemba 2023 ilibidi karibu watu 500,000, wakiwemo watoto, warudishiwe bima.

Kwa hiyo anayefutwa huenda bado anastahili, na anaweza kuomba upya au kukata rufaa.