Ganzi, mofini, na habari ya mafuta na maji

Ukikaa muda mrefu mkekani umekunja miguu, ukitaka kuinuka mguu unakataa. Tunasema umekufa ganzi. Daktari wa meno akikuchoma sindano kwenye ufizi, baada ya dakika chache mdomo unakuwa mzito kama si wako, na hiyo nayo ni ganzi. Wavuvi wa Msanga Mkuu, ng'ambo ya bandari ya Mtwara, wanaijua ganzi ya tatu, ya kuogopwa, ile inayoanzia midomoni mwa mtu aliyekula bunju, samaki mwenye sumu. Neno moja kwa mambo matatu, na Kiswahili hakikukosea kuyaweka kapu moja, kwa kuwa yote matatu ni mshipa wa fahamu ulionyamazishwa. Mguu wa mkekani neva yake imebanwa. Hizo mbili nyingine ni kemia.

Nilianza kulifikiria neno hili nikiwa kwenye kiti cha daktari wa meno mjini Mtwara, shavu limevimba kama nimeficha andazi. Sindano ya kwanza haikushika. Ya pili ikashika nusu. Daktari hakuonekana kushangaa: "Hapa pana usaha, dawa inapata shida." Mjomba, aliyenisindikiza, akaninong'oneza kwamba dawa imepitwa na wakati. Kumbe dawa ilikuwa nzima, na tatizo lilikuwa shavu langu.

Maumivu husafiri kwenye neva kwa umeme mdogo, ila si umeme wa kutiririka kama huu wa TANESCO. Nje ya neva kumejaa sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi ya kula, na ndani iko kidogo. Utando wa neva una vilango. Jino likiuma, vilango vya mwanzo hufunguka, sodiamu inaingia kwa kishindo, na kishindo hicho kinafungua vilango vinavyofuata, navyo vinafungua vya mbele yake, mpaka habari ifike ubongoni. Dawa ya ganzi ni kizibo cha vilango hivyo. Neva haifi, wala mtu halewi. Ubongo uko macho kabisa, ila haupelekewi habari.

Dawa inayotumika zaidi ni lidokeini, ambayo wauguzi wengi bado huiita lignokeini. Molekuli yake unaweza kuifikiria kama mdudu mwenye kichwa, kiwiliwili na mkia. Kichwa ni pete ya kaboni inayopenda mafuta. Mkiani kuna naitrojeni, na kigeugeu ni huyo. Naitrojeni ikidaka chembe ya haidrojeni, molekuli nzima inapata chaji na kupenda maji. Ikiiachia, chaji inaondoka na molekuli inarudi kupenda mafuta. Mpishi yeyote wa pwani anayajua haya kwa macho: ukichemsha tui mpaka mafuta yajitenge, yanaelea juu na maji yanabaki chini, kila mmoja na kwake.

Sasa, utando wa neva ni wa mafuta, na lidokeini huziba kilango kutokea upande wa ndani. Kwa hiyo inapaswa ivuke ikiwa na vazi la mafuta, kisha ikishaingia idake haidrojeni na kuvaa vazi la maji, kwa sababu hilo ndilo linaloziba vizuri. Dawa isiyoweza kuvaa yote mawili inabaki mlangoni, au inaingia na kukosa kazi.

Wakemia wana namba ya kueleza hili, wanaiita pKa: ni kiwango cha pH (kipimo cha asidi, kikishuka asidi imezidi) ambapo nusu ya molekuli zimedaka haidrojeni na nusu bado. Ya lidokeini ni karibu 7.9. Mwili wenye afya una pH ya 7.4, yaani una asidi kidogo kuzidi hapo, kwa hiyo zilizo kwenye vazi la mafuta ni kama asilimia 24 tu. Robo hiyo inatosha. Inavuka, na kila zinapovuka, nyingine zilizobaki nje zinaachia haidrojeni na kuchukua nafasi yao.

Penye usaha kuna asidi. Tuseme pH imeshuka hadi 6.4. Hesabu ile ile sasa inatoa asilimia 3. Chupa ni ile ile na mkono wa daktari ni ule ule, lakini wavukaji wamepungua mara nane. Tena sehemu iliyovimba ina damu nyingi inayopita, nayo inaikokota dawa kabla haijafanya lolote. Kuongeza sindano palepale ni kama kupanga abiria wengi zaidi gatini wakati kivuko hakipo. Daktari wangu alichofanya ni kuhama: akachoma nyuma kabisa ya taya, ambako neva ya meno ya chini inapita kwenye nyama isiyo na usaha. Ikashika. Nilisikia jino likivutwa na mfupa ukilalamika, lakini sikuumia, maana nyuzi nyembamba za maumivu hunyamaza kabla ya nyuzi nene za mguso na mgandamizo. Ndiyo maana anayeuliza "unasikia?" huwa hajauliza swali zuri. Swali ni "unaumia?"

Historia yake nitaipitia mbio. Mama wa dawa hizi ni kokeini, kutoka majani ya koka ya Amerika Kusini, ambayo Karl Koller aliitumia kwenye upasuaji wa macho mwaka 1884. Ilifanya kazi, na ilileta uraibu. Alfred Einhorn wa Ujerumani akatengeneza prokeini mwaka 1905, yenye kiwiliwili cha aina ya esta, kinachokatwakatwa upesi ndani ya damu. Mwaka 1943 Nils Löfgren wa Sweden akabadilisha kiwiliwili kikawa amaidi, kigumu zaidi, kinachongoja ini likivunje, na hiyo ndiyo lidokeini.

Turudi kwa bunju. Sumu yake, tetrodotoksini, inaziba vilango hivyo hivyo vya sodiamu, lakini kutokea nje. Haihitaji kuvuka wala kubadili vazi, usaha hauizuii, na moto wa jikoni hauivunji, kwa hiyo kumpika sana hakumsaidii mlaji. Inasambaa mwili mzima kwa njia ya damu: midomo, ulimi, vidole, halafu misuli ya kupumulia. Dawa ya kuipinga haipo, mgonjwa husaidiwa kupumua mpaka imtoke. Na lidokeini yenyewe ikizidi kipimo ikaingia kwenye damu, dalili za mwanzo zinafanana: ganzi midomoni, ladha kama ya chuma, masikio kulia, kisha degedege na moyo kuyumba. Ndiyo sababu huongezwa adrenalini kidogo, ibane mishipa ya damu na kuifanya dawa ikae ilipochomwa. Kwenye tohara, wengi hufundishwa kutoitia, kwa hofu ya kukausha damu ya kiungo chenyewe. Wazee wa jando, ambao enzi zao ganzi ilikuwa ngoma na aibu ya kulia mbele ya wenzako, husikiliza maelezo haya wakitabasamu.

Mofini ni ukoo mwingine kabisa, ingawa wengi huita zote "sindano ya maumivu". Haizibi vilango vya sodiamu. Inatoka kwenye utomvu wa mpopi, ambao Kiswahili kinauita afyuni au kasumba. Ndiyo, kasumba hiyo hiyo tunayoisema mtu anapong'ang'ania mawazo asiyoweza kuyaacha. Friedrich Sertürner wa Ujerumani aliitenga mofini mwanzoni mwa karne ya 19. Mwilini inakaa kwenye vipokezi vilivyowekwa kwa ajili ya dawa ya maumivu ambayo mwili hujitengenezea wenyewe, endofini. Vipokezi hivyo viko kwenye uti wa mgongo na ubongoni, na vikiguswa, neva iliyoleta habari inapunguza sauti, na ile inayopokea inakuwa nzito kusikia. Ganzi inakata njia. Mofini inaiacha njia wazi, na mgonjwa atakwambia, "maumivu bado yapo, ila hayanisumbui."

Humu pia mafuta na maji ndiyo yanayoamua. Mofini ina sehemu mbili zinazopenda maji, kwa hiyo inaingia ubongoni polepole. Zifunike zote mbili kwa vipande vya asetili, inakuwa na mafuta zaidi, inapenya upesi, na jina lake linakuwa heroini. Funika moja tu kwa kaboni moja, unapata kodeini, dhaifu mpaka ini liirudishe kuwa mofini. Na ukibadilisha mkia wa naitrojeni kwenye ukoo huo huo, kutoka kaboni moja hadi tatu, unaweza kupata naloksoni, ufunguo unaoingia kwenye kitasa bila kukizungusha. Unaisukuma mofini itoke, na aliyezidishiwa mofini hadi akawa anasahau kupumua anaanza kupumua.

Koo hizi mbili hukutana kwenye sindano ya mgongo, mama anapojifungua kwa upasuaji. Ganzi yenyewe ni bupivakeini, ndugu wa lidokeini aliyeongezewa mafuta kwenye mkia, hivyo anakaa muda mrefu zaidi. Mara nyingi inachanganywa na sukari ili iwe nzito kuliko maji ya uti wa mgongo, izame kule mtaalamu anakotaka kwa kumlaza mama hivi au vile. Mama anasikia anavutwavutwa, haumii, na anamsikia mtoto akilia. Saa chache baadaye ganzi inaondoka, vidole vya miguu vinaanza kucheza.

Lakini mtaalamu anaweza kuwa ameongeza tone la mofini, kama sehemu moja ya kumi ya miligramu. Angeweka fentanili, dawa nyingine ya ukoo wa mofini lakini inayopenda mafuta, ingezama kwenye neva upesi na kwisha upesi. Mofini inapenda maji, kwa hiyo inabaki ikielea kwenye maji ya uti wa mgongo hadi karibu siku nzima, na mama analala. Maji hayo, pamoja na mofini yake, hupanda taratibu mpaka kwenye kituo cha kupumua kilichoko ubongoni, na ndiyo sababu katika wodi ya wazazi, iwe Lindi au kwingine, saa nane ya usiku utamkuta muuguzi amesimama kando ya kitanda cha mama aliyelala fofofo, macho kwenye saa, akihesabu pumzi.